Mzee aliyesahau majina angali na uwezo wa kusimama

Miongoni mwa mambo ambayo ukuaji wa miji umetuletea pasi na sisi kuyatarajia ni mzee anayekaa kitako tangu macheo hadi machweo. Atakayeiacha Barabara Kuu ya Thika baada ya kuipita Ruiru, akaingia Murera, ataziona nyumba mpya za mawe zilizojengwa katika viwanja vya futi 50 kwa 100, kila moja ikiwa na ukuta wake na lango lake la chuma. Asubuhi watu wazima huelekea kazini Nairobi au Thika, na watoto huenda shule. Ndani ya ukuta hubaki mtumishi wa nyumbani na, katika nyumba kadhaa, babu au nyanya aliyeletwa kutoka Murang'a, Nyeri au Machakos kwa sababu huko kijijini hapakuwa tena na wa kumtazama.

Nchi hii iliyo baina ya Ruiru na Thika ilikuwa ya mashamba makubwa ya kahawa, mkonge na mananasi. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru ndicho kilichowapa wakulima aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11, mwaka wa 1985. Leo sehemu kubwa ya ardhi hiyo imekatwakatwa ikauzwa kwa viwanja. Katika sensa ya 2019 kaunti ndogo mbili za Ruiru na Juja (Murera ikiwa wadi katika eneo-bunge la Juja) zilikuwa na wakazi zaidi ya 670,000. Wengi wao ni wageni waliohamia, na waliohamia nao wana wazazi.

Huko alikotoka, nyanya huyu aliinama kupalilia, akachuchumaa kuchochea moto, akapanda kilima kwenda kanisani na kusimama kisimani akiwaamkia majirani. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Murera hana shamba, hana kisima, na lango limefungwa kwa kufuli asije akapotea. Amepewa kochi laini mbele ya televisheni, na wana wake wanadhani wamemstahi. Ikiwa mzee huyo ni mzima wa akili, kochi hilo litamdhoofisha. Ikiwa ameanza kuugua maradhi ya Alzheimer, kochi litamnyang'anya upesi zaidi kile ambacho maradhi yenyewe yalikuwa hayajakichukua.

Madai yangu katika makala haya ni kwamba tiba ya viungo, hasa ile inayoshughulikia mkao wa mwili, yaani jinsi mtu anavyoketi, anavyoinuka, anavyosimama wima na anavyogeuka, ni sehemu ya matibabu ya mgonjwa wa Alzheimer kama zilivyo dawa. Sisi tumeifanya kuwa tiba ya waliovunjika miguu katika ajali za pikipiki na ya wachezaji wa kandanda. Aliyepoteza kumbukumbu tunamwambia apumzike.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Daktari Mjerumani aitwaye Alois Alzheimer ndiye aliyeueleza mara ya kwanza mbele ya wenzake mnamo 1906, baada ya kuuchunguza ubongo wa mwanamke aliyekuwa amemtibu mjini Frankfurt. Chembe za ubongo hufa pole pole, na kwa kawaida uharibifu huanzia katika sehemu inayohifadhi matukio mapya. Ndiyo maana mgonjwa hukumbuka vizuri mambo ya hali ya hatari ya miaka ya 1950, ilhali hajui kama amekunywa chai asubuhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 ulimwenguni waliishi na demensia, ambalo ni jina la jumla la maradhi ya kupotewa na uwezo wa akili, na kwamba Alzheimer ni asilimia 60 hadi 70 ya visa hivyo. Wengi wa wagonjwa hao, zaidi ya asilimia 60, wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Idadi hiyo itaongezeka, kwani Wakenya wanaishi muda mrefu kuliko baba zao walivyoishi.

Sasa, jambo ambalo mwalimu yeyote atalifahamu mara moja ni kwamba kumbukumbu si ghala moja. Kukumbuka tarehe ya vita ni jambo moja, na kukumbuka jinsi ya kuendesha baiskeli ni jambo jingine. La pili huhifadhiwa katika sehemu za ndani za ubongo na katika ubongo wa nyuma, ambazo Alzheimer huchelewa kuzishambulia. Kwa hiyo mzee asiyeweza kukutajia jina la mwanawe aweza bado kumenya viazi, kukunja shuka, kupiga magoti akasali, na hata kucheza. Mcheze mwomboko aliyeujua mchezo huo ujanani mwake, mpigie kodiani, kisha utazame miguu yake. Hatua mbili na kukunja magoti zitatoka zenyewe, pasi na yeye kuulizwa kitu.

Huo ndio mlango ambao mtaalamu wa viungo huuingilia. Hamfundishi mgonjwa kwa maelezo, maana maelezo yatasahauliwa kabla sentensi haijaisha. Humfundisha kwa kurudia kitendo kile kile, mahali pale pale, kwa saa ile ile, hadi mwili wenyewe ukizoee.

Tuchukue kitendo kimoja tu, cha kuinuka kitini. Kwa mtu mzima ni jambo dogo mno hata hatulifikirii. Lakini lina mpangilio wake: mtu husogea hadi ukingoni mwa kiti, akairudisha miguu nyuma kidogo chini ya magoti, nyayo zote zikiwa sakafuni, akaegemeza kifua mbele mpaka pua ikawa juu ya vidole vya miguu, kisha akasukuma. Mgonjwa wa Alzheimer hupoteza mpangilio huo. Atajaribu kuinuka huku ameegemea nyuma, atarudi chini kwa kishindo, na baada ya mara mbili tatu ataogopa. Jamaa zake husema miguu imekwisha. La hasha! Mara nyingi miguu ingali ipo, na kilichopotea ni ule utaratibu. Akiwekwa kwenye kiti kigumu chenye mikono, cha urefu unaomfanya apige pembe mraba magotini, na akaonyeshwa na mtu aliyeketi mbele yake akiinuka naye, utaratibu huo waweza kurejea. Kwenye kochi laini ambalo makalio huzama chini kuliko magoti, hata mimi na wewe, msomaji, huinuka kwa taabu.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Tumezoea kuamuru: "Nyanya, hebu inuka ukaoge, halafu uje unywe chai kabla haijapoa." Hapo pana maagizo manne, na nyanya ameshika labda lile la mwisho. Mtaalamu hutokea mbele, si nyuma, hujishusha hadi macho yao yakutane, humtaja kwa jina, na husema neno moja: "Simama." Kisha hungoja. Kungoja ndiko kunakotushinda sisi watu wa mjini.

Baada ya kuinuka huja kusimama wima. Maradhi haya hufupisha hatua, huufanya mwendo kuwa wa polepole na hupunguza uwezo wa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Mzee anayetembea vyema kimya kimya aweza kuyumba pindi anapoulizwa swali. Ukiongeza mgongo uliopinda, kichwa kilichotangulia mbele na macho yaliyofifia, unapata mtu aliye karibu kuanguka kila saa. Nyumba zetu mpya nazo zimewekwa sakafu za vigae vinavyoteleza maji yakimwagika, na ngazi zisizo na vishikio. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Basi mazoezi ya kusimama ukishika meza, kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, kunyanyua visigino, kufikia kitu kilicho rafuni, kutembea kando kando ya ukuta, yote hayo yanaulinda mfupa huo.

Kadhalika kuna mkao wa wakati wa kula, na hapa nataka wenye wagonjwa wasikie vizuri. Ugonjwa ukizidi, mgonjwa hushindwa kumeza barabara. Akilishwa uji akiwa amelala chali au ameinamia upande, uji huweza kuingia njia ya pumzi na kuleta nimonia, ambayo huwaua wengi wao. Aketi wima, miguu ikanyage chini, kidevu kishuke kidogo, na abaki ameketi hivyo kama nusu saa baada ya kula. Hakuna dawa ya dukani itakayofanya kazi hiyo. Na yule asiyeweza tena kutoka kitandani lazima ageuzwe kila baada ya saa chache na viungo vyake vinyooshwe kwa upole, ama sivyo ngozi itachimbika vidonda na magoti yatakunjika yasinyooke tena.

Je, mazoezi haya yanaponya? Hayaponyi. Nalisema wazi kwa kuwa siku hizi hakosekani mtu wa kuahidi kwamba ukimnyoosha mzee mgongo, au ukimkanda kisogo kwa mashine fulani, akili itafunguka. Huko Uingereza walichukua wagonjwa 494 wa demensia, baadhi yao wakafanyishwa mazoezi makali kwa miezi minne, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2018. Miili ilipata nguvu kwa muda, lakini akili haikuimarika hata kidogo. Kwa kweli waliofanya mazoezi walionekana kuzorota kiakili kidogo zaidi ya wenzao. Anayewauzia watu matumaini ya kumbukumbu kupitia misuli anawaibia.

Lakini kuna utafiti mwingine wa Finland, uliochapishwa mwaka wa 2013, ambao kwa maoni yangu unatufaa zaidi sisi wa Murera. Ulihusu wagonjwa 210 wa Alzheimer walioishi majumbani na wenzi wao. Kundi moja lilifuatwa nyumbani na mtaalamu wa viungo mara mbili kwa juma, saa moja kila mara, kwa mwaka mzima. Kundi la pili lilifanya mazoezi katika kituo, na la tatu liliendelea na huduma za kawaida. Hali ya wote ilididimia, maana ugonjwa ndio huo. Ila waliotembelewa nyumbani walididimia polepole zaidi katika mambo ya kujihudumia, na waliofanya mazoezi walianguka mara chache kuliko wasiofanya. Isitoshe, gharama ya jumla ya kuwatunza haikuzidi. Pesa zilizotumika kwa mazoezi zilirudi kwa njia ya hospitali.

Linganisha na dawa mpya. Mwaka wa 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa iitwayo lecanemab, ambayo hupunguza tu kasi ya ugonjwa ukiwa bado mwanzoni. Bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, mbali na picha za ubongo ambazo mgonjwa hupigwa mara kwa mara ili kuangalia kama anavuja damu kichwani. Mkazi wa Murera anayelipa mkopo wa kiwanja hatainunua. Mzee aliyetimiza miaka 70 na kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo hazitoshi hata nepi. Kiti kigumu chenye mikono fundi wa Ruiru ataweza kukitengeneza kwa mbao za kawaida.

Swali basi ni nani atakayemfikia mzee huyu nyuma ya lango. Wataalamu tunao. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, kilichoanza mwaka wa 1927, hufundisha tiba ya viungo. Nacho Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, jirani kabisa na Murera, kina chuo kizima cha sayansi za afya. Mwaka wa 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili wataalamu wa viungo na kuwawekea baraza lao. Hospitali ya Thika ni ya kiwango cha tano, ya Ruiru ni ya kiwango cha nne. Lakini huduma hizi zote zinamsubiri mgonjwa aje. Ajeje? Kumpandisha matatu mtu asiyejua aendako, aliyeshikwa na hofu, akapiga kelele njiani huku kondakta akimhimiza, ni adhabu kwake na kwa binti yake. Wakienda mara moja, mara ya pili hawaendi.

Naona njia iliyo rahisi zaidi. Mwaka wa 2023 Serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa, kikiwemo cha kupima shinikizo la damu na cha kupima sukari. Hao hubisha malango ya Murera tayari. Mtaalamu mmoja wa viungo kutoka Thika, akiwafunza mambo manne tu, yaani kuinuka, kusimama, kugeuka na kuketi wakati wa kula, angekuwa amezifikia nyumba ambazo yeye mwenyewe hangezimaliza kwa miaka. Kazi yake ingekuwa kumpima mgonjwa mara ya kwanza, kujua kama ana maumivu, kama shinikizo lake la damu hushuka ghafla anaposimama, kisha kupanga mazoezi na kurudi baada ya mwezi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, iwe tayari kumlipa mtaalamu huyo kwa ziara ya nyumbani jinsi inavyolipa kitanda cha hospitali. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kupata utunzaji na msaada wa kiasi kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Serikali. Jamaa za Murera, kwa hali na mali, wanajaribu. Upande wa pili wa sentensi hiyo ndio ulio kimya.

Aidha, pana jambo linalotangulia hayo yote, nalo ni aibu. Watu huwaficha wazee wao. Wengine husema ni uzee tu, wengine ni laana, na mahali pengine neno hilo huwa hatari: Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Mzee anayerandaranda usiku, anayesema peke yake, asiyewatambua jirani zake, ni mwepesi wa kushukiwa. Shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, ambalo mwanzilishi wake ni Elizabeth Mutunga, aliyemuuguza babake mwenyewe, limejitahidi kuzikutanisha familia ili zisaidiane na kusema waziwazi. Katika mikutano ya namna hiyo mtu hujifunza kwamba si yeye peke yake aliyemfunga mama kitini kwa leso asitoroke. Hujifunza pia kwamba leso hiyo humnyong'onyeza mama, humtia wasiwasi zaidi, na kumfanya aanguke vibaya siku atakapojifungua.

Najua watakaosema kwamba mzee akizoezwa kutembea atatoroka, na kwamba mtumishi wa nyumbani tayari ana kazi nyingi. Hoja ya pili ina haki. Msichana wa miaka 20 anayelipwa mshahara mdogo kwa kufua, kupika na kulea mtoto hakuajiriwa kuwa muuguzi, na si vyema kumtupia mzigo huu bila kumfunza na kumwongezea malipo. Hoja ya kwanza siikubali. Mgonjwa hurandaranda zaidi anapokuwa amekaa siku nzima na mwili unadai kwenda. Akitembezwa asubuhi na jioni, akiwa amechoka uchovu wa halali, hulala.

Ndiposa nawageukia walimu na wanafunzi. Mtaala wa umilisi umeweka mafunzo ya huduma kwa jamii kuwa somo katika sekondari pevu, na shule nyingi zinahangaika kutafuta huduma ya kufanya isiyokuwa kuokota taka sokoni. Wanafunzi wa Murera wanao babu na nyanya majumbani. Mwalimu wa biolojia ana somo la ubongo na misuli, mwalimu wa elimu ya viungo ana somo la usawa wa mwili, na mwalimu wa Kiswahili ana kazi ya kuwatafutia wagonjwa hawa jina lisilo la kejeli, kwani hadi sasa mitaani wanaitwa vichaa. Mwanafunzi akitoka shule saa kumi anaweza kukaa mbele ya nyanya yake, kiti kwa kiti, wakainuka pamoja mara tano, wakapumzika, wakainuka tena mara tano. Kwanza avue soksi zinazoteleza, amvishe nyanya viatu vilivyofungika kisigino, na apanguse maji sakafuni. Nyanya akiinuka kwa kushika mikono ya kiti, aandike hivyo. Siku atakapoinuka bila kuishika, aandike pia. Daftari hilo, likipelekwa Thika baada ya mwezi, litamwambia mtaalamu wa viungo mambo ambayo nyanya mwenyewe hawezi tena kuyasimulia.